Msalaba wa Fundi Ignasi

Masika yalipokatika, Mama Hyasinta, mjane wa fundi Ignasi, aliingia kwenye banda la Vitalis pale Mchafukoge na msalaba wa mbao begani. Alikuwa ameung'oa mwenyewe makaburini. Jina la mumewe lilikuwa limebanduka, nusu imekwenda na mvua, nusu inaning'inia kama ganda la kitunguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mvua za mwaka huu hazina adabu. Nimekuletea umwandike tena mwalimu wako."

Mvua ikasingiziwa hivyo, na Vitalis akaupokea msalaba. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, maana ukweli aliujua. Alipofika kutoka Masasi hajui hata kushika brashi, Ignasi ndiye aliyempokea na kumfundisha miaka sita. Masharti ya mzee hayakuwa mengi: piga msasa, paka rangi ya msingi, ngoja ikauke mpaka isinate mkononi, ndipo uandike. Mwenye haraka alikaripiwa mbele ya wateja. "Herufi nzuri juu ya mbao tupu ni uongo," ndivyo alivyozoea kusema.

Sasa wiki ile ya msiba, Vitalis alikuwa na kibao cha duka la ushirika, na kiongozi alikuwa anakuja kulifungua. Rangi zilikuwa adimu mjini kama sukari. Kopo moja la rangi ya msingi alilokuwa nalo akalimalizia kwenye kibao. Msalaba akauandika hivyo hivyo, asubuhi moja tu, na herufi zilipendeza, watu wakamsifu mbele ya kaburi. Alijisemea moyoni kwamba marehemu hatoki kukagua. Hebu fikiria, kumsema hivyo mtu aliyekulisha ugali wake!

"Kaa kidogo, mama," alisema akiikimbilia brashi. "Nakuandikia sasa hivi, unaondoka nao."

Hyasinta hakukaa. Alikwangua rangi kwa ukucha, ikatoka kipande kizima, na chini yake mbao ilikuwa nyeupe, haijaguswa. Mwanamke huyu aliosha brashi za Ignasi miaka thelathini. Akainua macho, akatazama ng'ambo ya barabara, ambako kibao cha ushirika kilikuwa kinang'aa.

"Na kile," aliuliza taratibu, "hakikunyeshewa?"

Vitalis alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kilinyeshewa, mama. Kile nilikipaka rangi ya msingi. Huu sikuupaka. Nimekukosea, na yeye nimemkosea."

Mama hakumtukana. Afadhali angemtukana.

"Rangi hiyo leo unayo?"

"Ninayo."

"Basi anza na msasa."

Alivuta kigoda, akaketi mlangoni, akaikunja khanga yake magotini. "Mimi nitangoja ikauke," alisema. Vitalis akainama, na mbele ya macho ya mjane akaanza kulifuta jina la mwalimu wake, herufi moja moja, kwa mkono ule ule ulioliandika.