Ufunguo wa Stoo ya Bibi Ludwika

Bibi Ludwika alikuwa mama wa bosi wangu, mhandisi kutoka Poland. Kila asubuhi, tukimenya viazi pale Al Wukair, nje ya Doha, alinisimulia nyumba yao ya kwao. Kiingereza changu cha jikoni na chake cha uzeeni vilikutana, tukaelewana.

Ilikuwa nyumba kubwa ya shamba, nguzo nne mbele, miti mirefu tangu barabarani hadi mlangoni. Aliijenga babu wa babu yake. Mtoto mmojawapo akaipoteza kwa kamari, akaichukua mfanyabiashara wa nafaka. Binti wa huyo wa nafaka akaja kuolewa na mjukuu wa mcheza kamari, nyumba ikarudi. Vita vikaja, wakalala humo maofisa wa Kijerumani. Vikaisha, serikali mpya ikachukua mashamba, kina Bibi wakatolewa, begi moja moja, yeye mtoto mdogo. Ikawa ofisi, ikawa shule, ikawa gofu la popo. Sasa ilikuwa ya daktari mmoja wa meno.

"Na wapishi, Bibi? Na wafua nguo? Wao walikwenda wapi?"

Akaweka kisu chini. "Hilo wajukuu zangu hawajaniuliza."

Akanieleza desturi ya pale. Nyumba ikipata mwenyewe mpya, mwanamke mshika stoo humkabidhi ufunguo mbele ya watu wote. Mwenyewe huyo akiurudisha mkononi mwa mshika stoo, maana yake kaa, kazi ni yako. Wote waliurudisha, hata yule wa nafaka. Mwaka wa kutolewa, ofisa wa serikali mpya aliutia mfukoni. Bi Marcjanna, mshika stoo aliyemlea Bibi, akaondoka kwa mguu kwenye theluji.

Hilo lilinikaa moyoni. Mimi kule Muaither, nilikofanya kazi kabla, nilikwisha kuachwa na nyumba. Bosi wa huko alihama, aliyeingia akanirithi pamoja na mafriji na mazulia. Nilisimama mlangoni nikisubiri angalau mmoja anigeukie. Wapi.

Mwaka 2014 daktari wa meno akaiuza ile nyumba, na bosi akainunua. Wanarudi kwao. Villa yetu inaingia familia ya Kisudani.

"Sisi kama AC tu, Mwanahawa," akasema Nassoro, dereva wetu, Mtanga huyo asiyenyamaza. "Wenyewe wanaondoka, sisi tunabaki ukutani."

"AC angalau huulizwa kama inapoza."

Nilicheka, lakini sikulala vizuri. Mdogo wangu Aisha alikuwa katikati ya masomo ya uuguzi, nami ndimi niliyemlipia ada.

Asubuhi Bibi akanishika mkono. "Unataka kubaki hapa, au kwenda kwenu? Sema kweli. Mwanangu atatia saini karatasi zako vyovyote utakavyo."

Miaka yote Doha, ndiyo mara ya kwanza kuulizwa. Nikasema nataka kubaki, kama watanitaka.

"Basi vaa vizuri."

Wageni walipofika, Bibi akatusimamisha sote jikoni, hata Nassoro. Madam Ihsan, mke wa daktari wa Kisudani, hakuwa ameambiwa kitu. Bibi alitaka atende kwa moyo wake. Nikampa ufunguo wa stoo kwa mikono miwili.

Akautazama. Akafungua mkoba, akautumbukiza. Nikamwona Bibi akibadilika rangi. Mimi nikaanza kuwaza begi langu litatosha vipi.

Kumbe Madam alikuwa anatafuta miwani. Akavaa, akautoa tena, akaugeuzageuza.

"Wa stoo? Mimi nitajuaje mchele uko wapi, binti yangu? Shika wewe."

Akauweka kiganjani kwangu, akanikunja vidole.

Kwa furaha nikageuka, nikaenda kuifunga stoo, kuonyesha kuwa nimeshika kazi. Nikazungusha mara mbili.

"Dada we!" Nassoro akapiga kelele. "Masanduku ya Bibi yamo ndani! Wataka asafiri na kanga yako?"

Bibi alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni. "Marcjanna mtupu," akasema. Tulipofungua, alinikumbatia akinukia viazi na sabuni, akaenda kwenye nyumba yake.

Aisha sasa ni muuguzi, yuko wodini hospitali ya Mnazi Mmoja. Ufunguo ule ninao bado. Nikiswali namtaja Bibi kwa jina, na nyuma yake Bi Marcjanna, nisiyemjua, aliyetoka mikono mitupu.