Mama Halo na Mtambo wa Simu

Pale posta kila mtu alimwita Mama Halo. Aliingia kazini akiwa msichana mbichi, enzi za wakoloni, akakalishwa mbele ya mtambo wa simu: taa ikiwaka, chomeka waya, "Halo, nikuunganishe na nani?" Uhuru ukaja, mabosi wakabadilika rangi, yeye na kazi yake wakabaki vilevile. Akaolewa, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume. Taa zikazidi kuwaka.

Kisha wanajeshi wakapindua serikali. Kapteni mmoja aliingia na bunduki, akawafukuza wafanyakazi wote, akambakiza Mama Halo peke yake.

"Simu za jeshi tu, mama. Nyingine zote kata."

Kapteni akamganda kama ruba. Mchana ikawaka taa ya duka lililo jirani na kwa bintiye. Aliyepiga alikuwa mkwewe, mume wa binti, anahema.

"Mama, mwanao kashikwa na uchungu, damu inamtoka! Tutafutie gari la hospitali!"

Moyo ulimlipuka, lakini sauti haikutetereka. "Ndiyo, afande, nakuunganisha sasa hivi." Akachomeka waya wa hospitali.

"Nani huyo?" kapteni akauliza.

"Mkubwa wenu. Amefura kwelikweli. Nikupe uongee naye?"

"Aa, mama, usinitafutie balaa!"

Mjukuu wa kike akazaliwa salama. Bibi yake alizipata habari kwa waya uleule, maana hakuruhusiwa kutoka. Wakubwa wapya walimpenda mno: habahatishi, haulizi. Wakampa chumba nyuma ya posta, kitanda, na askari mlangoni. Kila alipoomba kwenda kwake, kapteni, sasa kanali, alicheka.

"Umesikia mengi, mama yetu. Ukitoka na masikio hayo, sisi tutalala?"

Mwanzoni binti alimleta mtoto getini, wakapungiana mikono kupitia nondo za dirisha. Baadaye hata hilo likapigwa marufuku.

Miaka ikakatika. Kanali naye akapinduliwa, ikaletwa mitambo inayounganisha simu yenyewe. Ofisa mpya alifungua chumba cha nyuma, akashangaa.

"Bibi, kwani wewe unafanya nini hapa? Nenda nyumbani."

Alipobisha hodi kwa bintiye, alifunguliwa na msichana aliyevaa sare za shule.

"Shikamoo. Mama katoka kidogo. Karibu ndani, mgeni."

"Marahaba," alijibu. Akakaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, akingoja aruhusiwe kusogea, kama alivyozoea kule posta.