Simu Zilizowekewa Maua

Asubuhi Dibyendu alifungua kompyuta akakuta sifuri. Kozi yake ya mtandaoni ya ushairi wa Kibengali ilikuwa na wanafunzi mia mbili, wote wakaao chuoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefanya mtihani. Mtihani ungefungwa saa sita mchana. Nusu ya darasa wasipoufanya, wakubwa wa chuo wangekivunja kitengo cha masomo ya mtandaoni, na yeye ndiye aliyekijenga.

Hakushtuka. Tangu mama yake afariki, mambo yalimfikia kama redio ya jirani: anaisikia, lakini haisemi naye.

Simu ikalia. Alikuwa Sanyal, mkuu wa kitengo.

"We Dibyendu, tarehe hii nani kaichagua?"

"Mimi."

"Leo si sikukuu ya Saraswati, bwana! Mbengali gani anagusa kitabu leo? Hata mvivu wa mwisho leo ana udhuru mtakatifu!"

Dibyendu alikuwa ameisahau siku hiyo ya mungu wa kike wa elimu, ambayo vitabu huwekwa miguuni pake na havisomwi. Mwaka wa kwanza wa matanga mtu haendi kwenye ibada, kwa hiyo kalenda ya sikukuu alikuwa ameibandua ukutani kwa mkono wake, asizione zikimpita. Tarehe ya mtihani aliipanga kama mtu anayepanga matofali.

"Wanafunzi wako ukumbini kwenye ibada, nenda ukawaombe," Sanyal alisema. "Dakika kumi tu kila mmoja. Muda hauongezeki. Saa sita ripoti inakwenda yenyewe kwa wakubwa."

Akaenda. Uani wasichana walikuwa wamevaa sari za manjano, na harufu ya khichuri, wali uliopikwa na dengu, ilitoka kwenye masufuria. Alifika mlangoni mwa ukumbi akasimama hapo hapo.

"Kaka Dibyendu!" aliita Jhinuk, kiongozi wa darasa. "Mbona umesimama kama bwana harusi aliyekosea nyumba?"

"Mtihani unafungwa saa sita. Simu zenu ziko wapi?"

Jhinuk alionyesha kwa kidevu. Miguuni pa sanamu ya Mama Saraswati, mahali pa vitabu na kalamu, palikuwa na rundo la simu, na juu yake maua ya manjano.

"Simu?"

"Tungeweka nini? Kozi yako haina kitabu, kaka. Mashairi, sauti za walimu, vyote umetutilia humo. Kitabu chetu ndicho hicho. Hatugusi mpaka kesho."

Mara rundo zima likanguruma kama mzinga wa nyuki. Ulikuwa ule ujumbe wa kukumbusha, alioutunga yeye mwenyewe: *Imebaki robo saa. Usisubiri.* Maua yakaporomoka. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Jamani, Mama naye anadaiwa mtihani!"

"Atatupenyezea majibu huyo!"

Dibyendu alifungua kinywa. Maneno aliyaandaa njiani, na alijua akiwaomba watamsikiliza, kwa kuwa walimpenda. Akawakumbuka wahadhiri wazee waliomwita fundi video, waliosema mashine haitakuwa kitabu hata siku moja. Kitabu kilikuwa pale, chini ya maua. Akaisubiri furaha. Haikuja. Maneno aliyoyaandaa akayaacha.

"Haya," alisema. "Endeleeni."

"Na mtihani?"

"Utafungwa."

Jhinuk akanyosha mkono. "Yako iko wapi? Lete nikuwekee."

"Nina matanga ya mama. Mwaka haujaisha."

"Wewe ndiye mwenye matanga, kaka. Simu haina."

Akampa. Jhinuk akaiweka pamoja na nyingine, akarudi na sahani ya majani iliyojaa khichuri. Dibyendu akala akiwa amesimama nje ya kizingiti. Chumvi ilikuwa imekolea sawasawa. Hilo aliweza kulitambua.

Saa sita ilipogonga, simu moja katika rundo ikaanza kutetemeka peke yake. Ikanyamaza. Ikaanza tena.

"Yako hiyo, kaka!" Jhinuk alipaza sauti. "Sanyal anapiga. Nikuletee?"

Dibyendu alimeza tonge.

"Iache," alisema. "Leo haiguswi."