Ulezi wa Danieli Uliogoma Kuota

Sekela aliukaanga ulezi wa matanga ya mwanawe kwa siri, jikoni, mlango kauzuia kwa mgongo. Hakuuunguza, la. Aliupasha moto tu mpaka ukaanza kunukia, kisha akaumwaga kwenye ungo upoe. Kwa macho ulikuwa ulezi uleule. Ila kiini cha ndani kilikuwa kimekufa, hakingeota tena.

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu Danieli avuke Tunduma, utingo wa lori la kwenda Lubumbashi. Dereva mmoja alirudi na koti lake na habari kwamba gari liliteketea njiani. "Koti si mwili," Sekela akasema, akagoma hapohapo. Na katika ukoo ule, pombe ya kuanua matanga haipikwi mpaka mama wa marehemu, kama yu hai, aloweke ulezi kwa mkono wake mwenyewe. Pombe isiponywewa, mjane haondoki. Imelda, mke wa Danieli, alikuwa na miaka ishirini na minne, na kule Msangano baba yake mgonjwa alikuwa anamwita.

Mwaka huo wa 1998 wazee walimzunguka Sekela mpaka akakubali. Akakubali kwa mdomo.

Basi akautia mfukoni ulezi ule uliokaangwa, akaubeba mfuko hadi kijitoni, akauzamisha, akaugandamiza kwa jiwe. Baada ya siku mbili wanawake wakautoa, wakautandaza ulezi kwenye majani ya mgomba, wakaufunika uote, upatikane kimea.

Wakati wa kungoja, shemeji yake Nikodemo, karani wa zamani wa misheni, alikaa uani na kamusi yake ya Kiingereza isiyo na jalada.

"Shemeji, kuloweka Waingereza wanaita *soak*. Na mlevi naye wanamwita hivyohivyo."

"Kumbe wewe Mwingereza wa siku nyingi!" Roda, jirani, akamrushia. Wanawake wakacheka.

"Cheka tu. Hata muuzaji akikukamua kwa bei, ni neno hilohilo."

"Basi Tunduma nzima inatuloweka!"

Nikodemo akangoja kicheko kiishe. "Lakini asili yake ni nyingine. Kitabu kinasema neno hilo na lile la kunyonya ni ndugu wa tumbo moja. Mbegu ukiitia majini inanyonya, kama mtoto."

Sekela akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Danieli alinyonya mpaka akawa anakimbia. Siku ya kumwachisha, mama alijipaka pilipili matitini, na aliyelia zaidi alikuwa yeye, si mtoto.

Siku ya nne Roda akafunua majani. Ulezi ulikuwa umevimba, unateleza, unanuka. Hakuna hata mche mmoja.

"Jamani, umekataa!" Roda akapaza sauti. "Ulezi wa aliye hai hauoti! Danieli yu hai!"

Vigelegele vikapanda. Wazee wakakubaliana papo hapo: hakuna pombe, mwenyewe atangojwa. Hicho ndicho Sekela alichokitaka, tena alikitaka kuliko chakula. Ndipo Imelda akaja akapiga magoti mbele yake, machozi na kicheko vimechanganyika usoni.

"Mama, nisamehe. Mimi nilikwisha kumzika moyoni. Nitamngoja. Hata miaka kumi nitamngoja. Baba ataelewa."

Sekela akamtazama utosini. Msichana wa watu, hajawahi hata kumjibu vibaya.

"Inuka," akasema. "Niliukaanga."

"Umekaanga nini, mama Danieli?" Roda akauliza.

"Ulezi. Niliukaanga kabla ya kuuloweka."

Hakuna aliyemtukana, pengine angetukanwa ingekuwa nafuu. Imelda alibaki magotini, mikono wazi mapajani, uso umezimika taratibu kama jiko lililoachwa. Nikodemo akasema, "Pole, shemeji," basi.

Sekela akaingia ghalani, akapima ulezi mwingine, mbichi, akaufunga mfukoni. Hakumwita mtu. Imelda alimfuata hata hivyo hadi kijitoni.

"Nikuletee jiwe, mama?"

"Acha. Huyu ni mwanangu."

Akaingia majini mpaka kiunoni, nguo zikamshika mwilini. Akaukandamiza mfuko kwa mikono miwili. Mapovu yakapanda, mengi, kisha machache. Aliushikilia vivyo hivyo mpaka povu la mwisho lilipopasuka, na hata baada ya hapo hakuuachia.