Shati la Imeandikwa-Wapi

Kanisani kwetu, mtu akitaka kumshukuru Mungu hadharani anaomba kibali. Sitanii. Zamani ushuhuda ulikuwa wa yeyote: unasimama, unaeleza yaliyokukuta, unaketi. Kisha fundi rangi mmoja akasimama na kutangaza kwamba ameonyeshwa ndotoni gari la mchungaji kuwa ni lake. Na hakuwa na mzaha, alikuja na dereva kabisa. Mchungaji wetu, ambaye hupenda amani kuliko anavyopenda kuamua, akaunda Kamati ya Ushuhuda, na mwenyekiti akamweka mzee mmoja ambaye akigeuza mgongo tu tunamwita Imeandikwa-Wapi.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Miaka yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa mizani masokoni, na alipostaafu akahamia kwenye kukagua roho za watu. Ukimwambia umelala salama kwa neema ya Bwana, atakuuliza imeandikwa wapi. Kwake yeye Mungu alisema yote aliyokuwa nayo, akafunga Kitabu, akanyamaza, na anayedai kusikia zaidi ama ni mwongo ama ana homa. Tangu afiwe na mkewe, nguo zake anatuletea sisi dobini, mimi nikiwa kaunta na wifi yangu akiwa kwenye pasi. Anazileta zimekunjwa, vifungo vyote vimefungwa mpaka cha shingoni, utadhani shati nalo lina siri.

Upande wa pili yuko mama mmoja muuza mapazia, kiongozi wa kikundi cha maombi. Huyo ni Nimeonyeshwa. Mungu hamwachi apumue. Ameonyeshwa nani ataolewa, nani ana kinyongo naye, na kitambaa kitapanda bei lini. Mwaka juzi alionyeshwa mimi nikipanda ndege, na mpaka leo sijapanda hata ngazi za ghorofa ya tatu. Biblia anayo, kubwa, ya zipu, na zipu yenyewe bado ngumu kama ilivyotoka dukani.

Kati ya hao wawili ndipo alipoangukia wifi yangu.

Kaka yangu, mumewe, alipofariki, wifi hakulia. Alijikaza kisabuni siku ya maziko, akajikaza baada ya maziko, mpaka kujikaza kukawa ndiyo sura yake. Alikuwa mwimbaji, akaacha kuimba hata nyumbani. Kula ni mpaka akumbushwe. Kusali alisali, lakini aliniambia ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akaweka nadhiri kwamba Mungu akimtua mzigo ule, atasimama mbele ya watu amshukuru. Mume arudi hakuomba. Aliomba aweze kupumua tu.

Adhuhuri moja tulikuwa tumezama kwenye mashuka ya hoteli, naye anamalizia shati jeupe la Jumapili la Imeandikwa-Wapi. Nikasikia harufu ya kuungua. Nilipogeuka nikamkuta amesimama, mkono umetulia juu ya pasi, machozi yanamtiririka hadi shingoni. Nami nasema nilichokiona: uso wake ulikuwa ule wa zamani, aliokuja nao kwetu alipoolewa. Nikakimbia nikachomoa pasi. Mgongoni mwa shati lilibaki doa la kahawia, umbo la pasi kamili, ncha na vyote.

"Wifi, mzigo umekuwa mwepesi," akaniambia. "Ule wangu. Ni kama tunavyokunja shuka, mimi na wewe. Nilikuwa nimelishika peke yangu, na sasa kuna aliyeshika upande wa pili."

Nililia mimi pia, na sioni haya kusema.

Basi wiki hiyo hiyo tukaenda mbele ya kamati, nadhiri si kitu cha kulaza. Imeandikwa-Wapi akamkalisha kwenye kiti cha plastiki akamuuliza alikuwa anasoma andiko gani mambo hayo yalipotokea.

"Nilikuwa napiga pasi, mzee."

Sauti ilisemaje? Hapakuwa na sauti. Alimwona nani? Hakumwona mtu. Basi kilichotokea ni nini hasa?

"Nilipata nafuu."

"Nafuu hiyo," akasema mzee, akivua miwani, "imeandikwa wapi?"

Midomo ilikuwa inaniwasha. Nikamwambia zaburi zimejaa watu waliopata nafuu. Akanijibu bila kunitazama kwamba hizo ni za Daudi, na Daudi alikuwa mfalme, si dobi. Akafafanua kwamba kama wifi angekuwa anasoma kwanza, ndipo akaguswa, kamati ingeweza kulifikiria. Kilichoharibu ni mpangilio. Ikaonekana Mungu alikosea utaratibu, akatakiwa arudi tena siku wifi akiwa na Kitabu mkononi.

Habari ikamfikia Nimeonyeshwa, naye akatua dobini kabla hatujafungua vizuri. Shati lilikuwa bado limetundikwa nyuma yangu. Alilitazama, akashika kifua, akasema huo ni mwali wa moto. Mwenzake aliyefuatana naye akaona njiwa. Wa tatu akaona uso. Mimi niliona pasi, lakini mimi sijajaliwa karama. Wakambana wifi kwa upole wao ule wa kukosa pumzi. Hakusikia joto?

"Pasi ilikuwa ya moto, mama."

"Joto lilikuwepo," Nimeonyeshwa akawaambia wenzake.

Mwanga je? Wifi akasema palikuwa mchana. Basi mwanga nao ulikuwepo. Wakaondoka na shati. Kufikia Jumatano, kwenye kikundi chao, wifi yangu alikuwa ameangushwa chini na nguvu, pasi ikajiendesha yenyewe, na shati likawa linapitishwa mkono kwa mkono, wagonjwa wanalipangusia vipaji vya nyuso. Kutia chumvi ni neno dogo. Hapo walimwaga gunia.

Imeandikwa-Wapi aliposikia, alifika mbio kudai mali yake. Akasema mbele ya mchungaji kwamba lile ni doa la pasi na si kingine. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema ukweli bila kutaja mstari.

Walivutana, na katikati ya mvutano wao wifi akaanza kuyumba. Ijumaa tulikuwa tunakunja mashuka, yeye upande ule, mimi upande huu, akasimama ghafla.

"Hivi wifi, mwanga ulikuwepo?"

Nilimwambia hapakuwa na mwanga, palikuwa na wewe na shati. Akasema labda ulikuwepo, akina mama wote wanasema ulikuwepo. Au labda mzee ndiye aliyesema kweli, labda alikuwa amechoka tu, jua lilikuwa kali, hakuwa amekula. Alisema amejaribu kurudi kwenye ile adhuhuri na kila akifika anamkuta mtu mwingine amekaa hapo anauliza maswali. Tangu lile tukio alikuwa ameanza kuimba kidogo kidogo akipiga pasi. Siku hiyo hakuimba. Kitu pekee alichopata tangu amzike kaka yangu walikuwa wanakichana vipande viwili, kila mmoja akidai anamtetea Mungu. Niliwachukia wote wawili kwa kiasi ambacho kamati isingekipa kibali.

Mchungaji akapata suluhu, maana hakuna asichoweza kukigawa nusu kwa nusu. Jumapili, Imeandikwa-Wapi atasoma andiko kwanza ili mambo yawe halali. Nimeonyeshwa atasimama kando ameliinua shati. Wifi atatoa ushuhuda katikati, kwa kifupi.

Mzee alisoma. Alisoma mpaka watoto wakalala, akasoma na sura inayofuata kwa usalama. Nimeonyeshwa mikono ikamlegea, shati likawa linashuka taratibu mpaka likamfunika uso, na kutoka nyuma yake zikaendelea kusikika haleluya. Wifi alisimama kati yao, mikono imeshikana. Nilijua ana nadhiri ya kutimiza. Nilijua pia kwamba akilifungua jambo lile pale, halitarudi nyumbani nasi.

Hatimaye kipaza sauti kikamfikia. Akamgeukia Imeandikwa-Wapi.

"Mzee, niliunguza shati lako. Naomba radhi."

Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Kwaya ikaanza kuimba kwa kuwa hakuna aliyeiambia isiimbe. Nimeonyeshwa alisema baadaye kuwa alishaonyeshwa yote hayo, ila hakutaka kutuvunja moyo.

Njiani kurudi nyumbani wifi akaniambia nadhiri bado anadaiwa.

Jumatatu, mchana, Imeandikwa-Wapi akaingia dobini. Biblia kwapani, na mkononi ameshika shati lile lile lenye doa. Nilidhani amekuja kutudai jipya. Akauliza kama wifi yupo, nikamwonyesha kule ndani kwenye meza ya kukunjia, nikamfuata nyuma, kwa kuwa sikumwamini.

Alisimama akitazama doa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba tangu mkewe aondoke amekisoma Kitabu chote, mwanzo hadi mwisho, na amerudia. Akasema anajua kila mstari wa faraja ulipo.

"Hiyo nafuu," akamuuliza wifi, "ilikujaje?"

Hapo sasa. Miaka nimeisubiri nafasi ile. Maneno mawili tu yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, mnayajua, na pumzi nilishavuta. Wifi akanikanyaga mguu, akanikanyaga kweli, kisha akavuta shuka kubwa la hoteli kutoka kwenye rundo.

"Shika upande huo, mzee," akamwambia. "Nitakueleza tukikunja. Tukimaliza utanisomea, siku nyingi sijasomewa. Mume wangu ndiye aliyekuwa akinisomea."

Shuka la hoteli haliwezi kukunjwa na mtu mwenye kitu kwapani. Mzee akageuka kushoto, akageuka kulia, akitafuta pa kuiweka Biblia yake. Nikanyoosha mikono nikaipokea. Akashika pembe mbili za shuka, vibaya, kama watu wote wasiowahi kukunja na mwenzao kwa muda mrefu, na wifi akaanza kusema.

Mimi nilirudi kaunta. Kikao kile hakikuwa na mwenyekiti, na hakuna aliyeomba kibali.