Waya wa Platini Uliokonda

Miaka mitano Odile Charbonneau alikilea kichocheo chake kama mtu anayefuga mbwa asiyebweka. Mwaka huu kikaanza kubweka.

Kilikuwa chembe ya nikeli iliyofungwa katikati ya kaboni na naitrojeni kama kichwa ndani ya kilemba, kisha ikapakwa kwenye ncha ya elektrodi. Ukiichovya kwenye asidi na kupitisha umeme, inapaswa kutoa haidrojeni bila kudai umeme mwingi. Platini huifanya kazi hiyo huku ikipiga miayo, ila bei yake ni mahari ya binti mfalme. Nikeli, pale Sudbury, mji wa migodi wa Kanada, ni ile ile iliyowalisha babu zao na kuwaharibia mapafu. Kwa hiyo profesa wake, Wendell Kowalchuk, mjukuu wa mchimba migodi, alipouona mstari wa umeme kwenye grafu unapanda saa baada ya saa, akili zilimruka kwa furaha. Akachapisha fulana arobaini. Kifuani mstari wa Odile, chini yake: NIKELI OYEE.

Ijumaa Odile angesimama mbele ya watahini kuitetea tasnifu yake, na mstari ule ndio uliokuwa moyo wa tasnifu.

Jambo moja tu lilimwasha. Kichocheo kilizidi kunoga kadiri kilivyotumika. Asubuhi kilikuwa hohehahe. Alasiri, baada ya mizunguko elfu tano ya umeme, kikawa simba. Vitu vingine vyote alivyovijua Odile, viatu, gari, wapenzi, vilichakaa kwa kutumika.

Alhamisi asubuhi alirudisha waya wa platini stoo ya maabara kwa Reino Lahtinen, mzee wa Kifini mwenye nyusi kama brashi za chupa. Reino alikuwa na sheria: waya hupimwa uzito ukitoka, hupimwa ukirudi. Aliiweka baada ya mwanafunzi mmoja kuuzungusha waya kidoleni mwa msichana na kumposa. Msichana alikubali, na hilo ndilo lililomuuma Reino zaidi.

Mzee aliweka waya kwenye mizani, akausoma utepe alioandikia uzito wa awali, akamkazia macho.

"We Odile. Umekula waya wangu."

"Njaa ninayo, mzee Reino, lakini si ya kiasi hicho."

"Miligramu tatu hazipo. Hebu hizo hereni."

"Za plastiki!"

"Basi zimekwenda wapi? Waya hauingii sauna kutoa jasho ukatoka umepungua kilo."

Odile alicheka nusu, kisha akautazama waya. Waya ule ulikaa chupa moja na nikeli yake, kwenye asidi ile ile, upande wa pili, kazi yake kukamilisha njia ya umeme tu. Kama ulikuwa unayeyuka kidogo kidogo, platini ilikuwa inaogelea kwenda wapi, kama si kwenye nikeli?

Akatukana kwa kutaja vyombo vyote vya kanisani, kama walivyomfundisha wajomba zake Wafaransa wa Kanada; kwao matusi ni hayo.

"Unasali?" Reino akauliza.

"Nipe kijiti cha kaboni. Na chupa ambayo haijawahi hata kusalimiana na platini."

Akaanza upya: asidi mpya, nikeli mpya, na upande wa pili, badala ya waya, kijiti cheusi kama cha ndani ya penseli. Kufikia alasiri, mizunguko ile ile elfu tano, mstari ulikuwa umelala. Nikeli ilifanya kazi, ndiyo, lakini kwa kujikokota, theluthi tu ya ile ya fulana. Na haikuongezeka hata chembe.

Kowalchuk aliingia na boksi la fulana kifuani. Alitazama mstari, akatazama kijiti.

"Rudisha waya."

"Profesa, ile ni platini iliyovaa ngozi ya nikeli."

"Nani atajua?"

"Mimi. Mzee Reino. Na mizani."

"Reino mtu wa stoo!"

"Ndiye pekee aliyepima. Sisi wenye vyeti tulichapisha fulana."

Kowalchuk alikalia boksi lake, likabonyea. "Wanaweza kukuangusha, Odile. Miaka mitano. Pita kesho, halafu tutarekebisha taratibu."

Odile alichomoa fulana moja kwenye boksi lililobonyea, akaenda nayo nyumbani.

Ijumaa alipanda jukwaani amevaa fulana. Kowalchuk, kwenye kiti cha mbele, alivuta pumzi ya mtu aliyeokolewa. Odile alipofika kwenye mstari, alichomoa kalamu nene, akajichora tumboni mstari wa pili, chini kabisa ya ule wa kwanza.

"Wa juu ni wa platini iliyovuja kutoka kwenye waya wangu. Huu wa chini ndio wa nikeli. Kilima hiki hapa katikati msikihesabu, ni tumbo la chipsi za jibini na mchuzi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, isipokuwa Kowalchuk. Mtahini aliyetoka Halifax, mama mmoja mkavu mwenye miwani, aliinua karatasi yake. Ilikuwa na swali moja: *Elektrodi ya upande wa pili ilikuwa ya nini?*

"Nilipanda ndege na swali hili," akasema. "Nilikuja kukuchinja."

"Na sasa?"

"Sasa nitakunyonyoa tu. Sura ya nne yote, andika upya. Miezi sita."

Odile alishuka stoo akamkuta Reino anakausha chupa kwa fulana ya NIKELI OYEE.

"Wamekupitisha?"

"Nusu. Kuna sura ya kurudia. Nahitaji elektrodi."

Reino alikivuta kisanduku cha platini mbali na mkono wake, akampa kijiti cheusi. Hakukipima.

"Hiki kikipungua," akasema, "nitajua umekifanya penseli ya kuandikia barua."