Aliyeuinua Mfuko

Elieza hakuwa na cheti. Hakuwa na gauni jeupe, wala saa ya kubandika kifuani, wala meno mawili ya mbele, wala kiti katika chumba cha wauguzi. Na asubuhi ile ya mwaka 1994, Ruthu, mwalimu wa wauguzi, alipogawa karatasi za maswali wodini, Elieza hakuwa na karatasi.

"Hizi ni za watumishi wa afya, baba," Ruthu alimwambia kwa upole. "Tunapima wanajua nini kuhusu kuzuia maambukizi kwa wagonjwa wenye mpira wa mkojo."

"Na mimi ninayeumwaga huo mkojo?"

"Mzee Elieza, wewe shika dekio lako, usije ukatuaibisha!" alitania muuguzi Lea, na wenzake wakacheka.

Elieza akapiga deki huku akichungulia begani kwa Lea. Shule ya jioni ilikuwa imempa macho. Hakupitwa na maandishi. Swali la saba: mfuko wa mkojo ukae wapi? Lea aliandika bila kusita: chini ya kiuno cha mgonjwa, wakati wote; ukiinuliwa, mkojo hurudi kibofuni pamoja na vijidudu.

Dekio likamponyoka.

Siku nne mfululizo, saa ya kuona wagonjwa, alikuwa akiuinua mfuko wa Mzee Khamisi wa Kondoa na kuulaza kitandani, chini ya blanketi. Wageni wakiondoka, aliushusha. Lea hakuona kitu. Mudrick, mwana wa mzee huyo, ndiye aliyemwomba: "Shikamoo, mzee wangu. Wakwe wanakuja. Wasiuone mkojo wa baba." Na Elieza alijisifu moyoni kwamba amemsitiri mtu mzima mwenzake.

Sasa Mzee Khamisi alikuwa akitetemeka kwa homa hata kitanda kikagonga ukuta. Saa nane mchana akakata roho. Daktari akamweleza Mudrick kwamba vijidudu vilipita kwenye mpira.

"Nani aliuweka?"

"Sista Lea," akajibu mgonjwa wa kitanda cha pili.

Fimbo ya Mudrick ilimshukia Lea kabla hajageuka. Ya kwanza ilimvunja mkono. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Ya pili ikampasua juu ya jicho. Akaanguka juu ya vigae vya chupa ya dripu iliyovunjika, na Mudrick akamkanyaga mbavu akinguruma, "Muuaji! Muuaji!" Wagonjwa walitambaa chini ya vitanda. Elieza akajitupa katikati. Fimbo ikamng'oa jino la tatu. Akameza damu, akaing'ang'ania miguu ya kijana yule mpaka walinzi wakaja kumfunga kamba.

Polisi walimwachia Mudrick akamzike baba yake. Alipokuwa akitoka aliapa mbele ya wote: "Arobaini ya baba haitafika. Nitarudi nimmalize huyu mwanamke." Hakuna aliyedhani anatania.

Kesho yake Ruthu alisimama kando ya kitanda cha Lea, karatasi mkononi, machozi yakimtoka. "Alipata maswali yote," alimwambia Elieza. "Yote, baba."

Elieza akaenda nyumbani kwake, mtaa wa Kikuyu, akachukua kalamu. *Mudrick mwanangu, Lea hana kosa. Mfuko niliuinua mimi, bila kujua, kwa sababu uliniomba.* Akasoma, ulimi ukipapasa pengo jipya. Akaona fimbo ile ikikosa wa kumpiga, ikimgeukia Mudrick mwenyewe. Mtoto hawezi kubeba kaburi la baba yake namna hiyo. Akaichana karatasi vipande vipande, akaanza nyingine.

*Mfuko niliuinua mimi, bila kujua. Ukija, usiende hospitali. Njoo Kikuyu, nyumba ya tatu kutoka kisimani, mlango wa bati. Utanikuta.*

Akaipaka bahasha uji mzito, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akaenda stendi, akaikabidhi kwa utingo wa basi la Kondoa.

"Ya haraka, mzee?"

"Ifike kabla mwenyewe hajaondoka."